Diski Zilizokerezwa Mara Mbili

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema si ya kupigia kelele. Mama yao, kaa hapa kitandani upande wa miguu, na kabla hujakaa niwekee mto mgongoni. Mkubwa, zima hiyo simu. Wewe binti yangu, acha vyombo, vyombo havikimbii. Njoo ukae upande huu wa dirisha ninapoweza kukuona, kwa kuwa jicho la pili lilishaniaga. Na wewe Kobe, rafiki yangu, fundi breki usiye na haraka na kitu chochote duniani isipokuwa chakula, vuta hiyo ndoo uikalie. Nimekuita mbele ya watoto kwa sababu nilikutukana mbele ya watu, na matusi ya hadharani hayafutwi kwa kunong'ona.

Nianze na mepesi, maana mazito yanataka pumzi, na pumzi yenyewe imeadimika. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku atakaponifuata, na asitokee mwerevu wa kumshauri ahamie chumba cha nyuma eti kinamtosha. Kodi ya wapangaji wa uani imlishe yeye kwanza. Ninyi mtakula jasho lenu kama mimi nilivyokula langu. Karakana isiuzwe wala isigawanywe, maana karakana iliyogawanywa ni vibanda viwili vya kuuzia maji. Mkubwa, saa yangu ya mkononi ni yako ingawa inachelewa, na koti langu zito ni lako pia, kwa kuwa katika nyumba hii wewe ndiye uliyerithi mabega. Spana, tupa, koleo na vile visu vya kukatia chuma nitavisema pamoja na mashine. Mnaona ninavyozunguka? Ninapita pembeni ya jambo kama mtu anayemkwepa mbwa wa jirani.

Mwaka jana, katika chumba hikihiki, nikiwa bado nasimama kwa miguu yangu, niliwaambia kwamba mashine ya kukereza ni ya Mkubwa, na nikasema kwa sauti ya mtu asiyeulizwa swali. Leo nayameza maneno hayo, na ili niyameze itabidi nijivue nguo mbele yenu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, na bado nikauficha. Na ninaposema aibu, msidhani ni aibu ya mtu aliyeiba au aliyeshikwa ugoni. Hizo watu huzisimulia kwa sauti ya chini na mwenyewe akaogopwa kidogo. Yangu ni aibu ya mpishi anayesifiwa ukumbini kwa chakula alichokiunguza, huku mwingine yuko jikoni anapika upya.

Ile mashine mnaijua. Ilitoka kwenye kiwanda kilichofungwa, tukaivuta kwa magogo na minyororo, mimi na Kobe na vijana wa mtaani, na ukuta wa karakana tuliujenga baada ya mashine kuingia, kwa hiyo atakayetaka kuitoa abomoe kwanza. Ni ya mkono, haina kioo cha kubonyeza wala sauti ya kukuambia umekosea. Unaifunga diski ya breki kwenye taya zake, unasogeza kisu kwa gurudumu dogo, na kila kitu kingine kiko kwenye jicho, sikio na ncha za vidole. Diski ikija ina mifereji kama barabara ya mvua, dereva analalamika breki inalia, mimi naikereza upande huu na upande ule mpaka inarudi tambarare, kisha naipiga msasa ikiwa inazunguka, basi. Nilikuwa nikisema naweza kuondoa unene wa unywele na nisiondoe wa pili, na mtaa mzima ukaniita Mzee Unywele. Nililipenda jina hilo, wanangu. Nililipenda kuliko lile nililopewa na baba yangu. Nikipita asubuhi, mchomeleaji ananyanyua miwani yake, "Shikamoo Mzee Unywele," muuza vocha naye, "Unywele, umeamkaje?" nami naitikia kwa kidevu kama mfalme. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na mimi nilikuwa naipiga mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo la kazi, maana bila hilo hamtaelewa aibu. Diski ina uso na ina kitako. Uso ndio unaobanwa na pedi. Kitako ni pale katikati, upande wa ndani, inapokalia kwenye gari. Kabla ya kuifunga kwenye mashine lazima ukwangue kitako kwa brashi ya waya mpaka kisibaki na kikoko cha kutu hata kidogo kama punje ya chumvi. Ukiacha kikoko, diski inakaa upande, kisu nacho kinainyoosha kwa kuufuata upande huohuo. Ukiitazama inang'aa, ukiizungusha palepale imenyooka, unajipongeza. Ifunge kwenye gari sasa, inayumba, na dereva akikanyaga breki, pedali inampiga teke mguuni na usukani unatetemeka kama mwenye homa. Kitako kikiwa kichafu, uso wote ni mwongo. Maneno haya nimeyahubiri maisha yangu yote. Kila aliyeingia karakana ile niliyamwagia, hata waliokuja kuomba maji ya kunywa.

Na kikoko chenyewe nilikuwa nakitafuta kwa macho, na kwa ncha ya kidole hiki. Kisha jicho likaota mtoto wa jicho, sikumwambia mtu. Na vidole, kwa kutetemeshwa na chuma miaka na miaka, vikafa ganzi, sikumwambia mtu. Nilikuwa nikipapasa kitako cha diski na kidole kinaniambia "safi" kama mlinzi aliyelala anavyosema "hakupita mtu". Asubuhi namwaga chai mezani, nasema kikombe kibovu.

Kobe, ulikuja na ile diski ya gari la kubeba wanafunzi. Ulikuja taratibu kama kawaida yako, ukanivuta pembeni, ukasema, "Ndugu yangu, hii imerudi. Inatetemeka. Itazame tena, tafadhali." Pembeni, kwa "tafadhali". Nami nikatoka hadi barabarani nikakuuliza kwa sauti kama kuna mtu aliyewahi kuona mkono wangu ukikosea, nikasema pedi zako ndizo mbovu, na kwamba kobe akipanda mti ujue kuna aliyempandisha, na aliyekupandisha ni mimi. Watu wakacheka. Wewe ukaifuta ile diski kwa kitambaa chako, ukaikumbatia, ukaondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole hupona. Nakuomba radhi. Ngoja, usiseme "yameisha", hayajaisha. Nikimaliza ndipo useme, kama bado utapenda kusema.

Nipe maji, mama yao. Kidogo tu.

Baada ya siku ile sikurudishiwa diski tena. Hata moja. Nikaona naam, wamenyooka. Kobe hakuja mwenyewe, alikuwa akimtuma dereva, na diski zikitoka zinatoka, na wateja wanaleta salamu: "Mwambieni Mzee Unywele gari limetulia kama maji mtungini." Nikanenepa kwa salamu hizo. Ndipo mwaka jana nikawaita hapa nikagawa mashine kwa kiburi, nikampa Mkubwa ambaye hata harufu ya chuma inamuumiza kichwa, kwa sababu ni mwanamume na ni wa kwanza, na binti yangu alikuwa amesimama palepale mlangoni na sinia mkononi. Nilimwambia nini? Nilimwambia aongeze sukari.

Kisha kuna siku nilipanga kwenda msibani, kwa yule seremala aliyetutengenezea milango. Nilikaa kituoni, gari halikuja, magoti yakaniuma, nikarudi kwa miguu. Jua la mchana lilikuwa kali. Nilipokaribia uchochoro wa nyuma nikaisikia mashine yangu inaunguruma. Mnajua mtu anavyokijua kikohozi cha mkewe gizani. Ile ilikuwa mashine yangu, na aliyeishika alikuwa anaiendesha vizuri, polepole, kisu kinakula chuma bila kupiga kelele. Nikasogea kwenye lile dirisha la bati. Chembe ya kutu nisingeiona, lakini umbo la mtoto wangu naliona hata nikiwa nusu kipofu. Alikuwa amevaa ovaroli langu, amekunja mikono, amefunga kitambaa kichwani kikakaza.

Alikuwa na diski mbili nilizozikereza asubuhi ile. Moja imekwisha kufungwa mashineni, nyingine iko kwenye benchi. Akaimaliza ya mashineni, akaifungua, akaichukua hiyo ya benchi, akaigeuza, akakwangua kitako kwa brashi, akapapasa, akakwangua tena. Akaifunga. Akaiwekea ile geji ya mshale, ya kupimia diski inavyoyumba, ambayo mimi nilikuwa nikisema ni ya wanafunzi, akaizungusha kwa mkono, na hata kutoka pale nilipokuwa nilimwona anatikisa kichwa. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kama unavyomtikisia mtoto aliyelowesha kitanda. Kisha akakereza kidogo sana, upande huu, upande ule, akizima kila mara apime unene asije akashuka chini ya unene ulioandikwa ukingoni mwa diski. Nilimfundisha lini? Sikumfundisha. Nilimfukuza. Nilimwambia nguo zake zitanaswa, nikampa fagio, na yeye alikuwa anafagia huku anatazama, miaka yote ile, na mimi nikidhani anafagia tu.

Lakini si hilo lililonivunja. Lililonivunja ni msasa.

Mimi ni mashoto, mnajua; alama za msasa wangu juu ya diski hulala upande wa kushoto, na fundi yeyote mjini akiiona diski anajua imetoka kwangu. Binti yangu anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa kulia, anakata kitunguu kwa kulia. Nikamwona anachukua msasa kwa mkono wa kulia, anasita, anauhamishia kushoto. Akaushika vibaya, kiwiko kimeinuka, ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akifanya utotoni akivaa viatu. Akapiga msasa kwa mkono usio wake ili alama zilale kama zangu. Ili mimi nikizishika jioni nisijue. Ili Kobe akizifunga, dereva akizitazama, wote waseme: kazi ya Mzee Unywele hii.

Niliegemea bati, likanichoma mgongo, sikuondoka. Nililia, wanangu. Mchana kweupe, uchochoroni, na mfuko wa rambirambi mkononi. Muuza vocha akanipita, akaniona, akasikia mashine, akatazama chini akaenda zake. Hapo ndipo nilipojua na yeye anajua. Nikawaza mchomeleaji anavyonyanyua miwani. Nikawaza zile salamu. Mtaa mzima ulijua, kuanzia mwenye gereji mpaka anayeuza karanga, na walikuwa wananiita Mzee Unywele kama mnavyomwambia mgonjwa kwamba leo amenawiri. Mama yenu naye alijua. Usitazame ukuta, mke wangu, ukuta hauna la kukusaidia. Ni nani aliyekuwa ananiambia "nenda kalale kidogo baada ya chakula, fundi wangu umechoka"? Eti nimechoka. Mlikuwa mnanilaza ili kazi ifanyike.

Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi mmeniosha ningali hai, mkanifunika, na hakuna aliyetoka nje kusema alichokiona.

Na sasa lililo baya kuliko yote, na hili hamlijui hata ninyi wajuzi. Sikuingia. Nilizunguka mpaka mbele, nikangoja mashine inyamaze, kisha nikakohoa kwa nguvu mlangoni ili apate nafasi ya kuvua ovaroli. Nikaingia, nikamkuta na fagio. Nikamwambia, "Mbona vumbi hili?" Nilimwambia hivyo, Kobe! Vumbi la aibu yangu mwenyewe, nikamgombeza kwalo, na yeye akasema, "Samahani baba," akafagia. Na kesho yake nikakereza tena, najua ninaharibu. Nikala, nikaenda kulala, nikiwa macho, nasikiliza anavyotengeneza. Nimefanya hivyo kila siku ya kazi mpaka kifua hiki kiliponilaza. Ningeweza kusema neno moja tu akapumzika. Sikulisema, kwa sababu nilitaka asubuhi nisalimiwe. Mwanangu alikuwa anafanya kazi mara mbili ili baba yake aitwe jina.

Mkubwa, inua uso. Nilikuvika kanzu isiyo yako na leo nakuvua mbele za watu, nawe una haki ya kununa. Nasikia umekwisha kumpata wa kuinunua mashine. Unasemaje? Sema kwa nguvu, masikio nayo yanafunga duka. Ulijua? Wewe pia? Ulimtafuta mnunuzi ili… rudia hapo. Ili iondoke kabla jina langu halijaondoka. Ili niseme nimeacha kwa sababu mwanangu ameiuza. Loo. Kumbe hata lawama ulitaka kuibeba wewe. Nami nimekaa hapa miezi yote hii nakuita moyoni mwenye tamaa. Nyani haoni kundule, mwanangu, na huyu nyani alikuwa na mtoto wa jicho juu yake. Njoo, nipe mkono. Mvunjie mnunuzi mapatano kwa heshima. Mwambie baba ana wazimu, atakuamini.

Binti yangu. Mama. Usilie, ukilia nitashindwa kumaliza, na pumzi… ngoja.

Mashine ni yako. Na spana, na tupa, na visu, na benchi, na ile geji niliyoidharau. Karakana ni yako kufanyia kazi, na asiyekubali ndugu yake mwanamke avae ovaroli basi na asile kinachotoka humo. Sikupi kama zawadi, sina uso wa kukupa zawadi; nakukabidhi kilichokuwa chako tangu siku ile diski ya gari la wanafunzi ilipokufikia kwa uchochoro. Chanda chema huvikwa pete, nami nilikitia kwenye fagio. Nisamehe. Hapana, usitikise kichwa, kutikisa kichwa umenitikisia sana. Nataka nisikie neno. … Ahsante. Ahsante, mama.

Kobe, sasa sema "yameisha". … Umechelewa, kama kawaida yako, lakini nimesikia.

Sikilizeni ya mwisho. Nikifa nizikeni upesi, bila hotuba. Mpamba maneno yeyote asisimame akasema mkono wangu haukuwahi kukosea. Akisema hivyo, Mkubwa, mkatize, sema baba alikosea akatengenezewa. Msiniite Unywele siku hiyo. Kobe, diski zako umpe yeye mkononi, kwa mlango wa mbele, watu wakiona, si kwa uchochoro. Msimtafutie mwanamume wa kumsimamia, amesimama siku nyingi. Na wewe, binti yangu… jicho lako likianza kufifia, uliseme. Siku hiyohiyo. Vidole vikifa, useme. Usingoje mtu akukerezee nyuma ya mgongo.

Na msasa. Ushike kwa mkono wako wa kulia. Alama zilale zinakotaka kulala… watazizoea.

Mungu awasitiri, wanangu, kama mlivyonisitiri. Awape mikono imara, na mikono ikichoka awape mdomo wa kukiri mapema. Mke wangu, akulipe kwa chumvi ya machozi uliyoficha ndani ya… ndani ya chai yangu. Kobe… wewe akuongezee mwendo. Chekeni kidogo basi. Nishusheni huu mto. Polepole. Hivyo.

Nani huyo anabisha? Nyamazeni, nisikie. … Si jirani. Ni dereva, nasikia anaweka chuma chini, hapo kizingitini. Anasema nini? … "Hodi. Fundi yupo?"

Usimjibu, Mkubwa. Usimwambie ninaumwa.

Mwitikie, binti yangu. Anakuuliza wewe.